Ushenzi Uingie Kisanduku Gani

11 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, miguu haijavimba, na zile soksi nilizokutumia mwaka mpya bado ziko miguuni mwako, hazijahamia kwa mgonjwa kama zile za mwaka juzi. Sisi wazima. Mama bado anasumbuliwa na goti na bado hataki fimbo, anasema fimbo itamzeesha. Matokeo yake anatembea akishika ukuta, na ukuta wa sebuleni sasa una mstari mweusi wa kiganja kutoka mlangoni mpaka jikoni. Kaka amemaliza kozi yake ya umeme. Ametufungia kengele ya mlangoni. Inalia tukiwasha taa ya bafuni.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei, na ukipokea unasema "niko zamu" unakata. Tena nina swali ambalo halitoshi kwenye simu.

Unaijua ofisi yetu: watu waliotendewa vibaya hospitalini wanajaza fomu, sisi tunasoma na kupanga. Fomu ina visanduku vinne na kila lalamiko lazima liingie kimoja. Cha kwanza ni kuchelewa, cha tatu ni vifaa, hivyo havina shida. Cha pili ni "Lugha na Adabu". Cha nne ni "Ukatili". Alama ikiwekwa cha pili, hospitali inapata barua ya kukumbushwa heshima, yamekwisha. Ikiwekwa cha nne, jopo linaketi, mhusika anaitwa, na anaweza kuondolewa kazini.

Sasa, Mama Mdogo, watu hawaandiki "ukatili". Miezi mitatu niko pale, sijaona hata mmoja. Wanaandika "ushenzi". Daktari alikula karanga huku akinipima, ushenzi. Saa ya ukutani imesimama tangu mwaka jana, ushenzi mtupu, na chini mistari mitatu. Makarani wenzangu wakiliona tu neno hilo wanalitupa kisanduku cha pili, kwa sababu kwao ni tusi, na matusi ni mambo ya lugha. Wiki iliyopita nimekuta faili la mzee aliyelazwa kwenye machela akitazamishwa ukutani kutwa nzima, bila maji, watu wakipita pembeni yake kama wanavyopita pembeni ya ndoo. Mwanawe aliandika neno hilo moja kwa herufi kubwa. Kisanduku cha pili! Hospitali ikaandikiwa iboreshe lugha. Lugha gani, wakati tatizo lenyewe ni kwamba hakuna aliyesema naye hata neno?

Nikapiga kelele, na ofisini kwetu mtu akipiga kelele anapewa kazi. Katibu, mkuu wetu, ameniagiza niandike mwongozo wa ukurasa mmoja: neno hili lina maana gani, na liingie wapi. Nimepekua kamusi zote. Zinasema "hali ya kutostaarabika", kana kwamba mzee yule aliachwa na watu wasiojua kushika uma. Halafu najua lilikotoka: zamani lilikuwa jina la dharau, wenye mji wakiwaita watu wa nje ya mji. Neno la kukemea unyama, na lenyewe limezaliwa kwa dharau. Linanikera kama punje ya mchanga kiatuni.

Wewe una miaka thelathini na moja kwenye wodi ya wazazi. Na ndiwe uliyenifundisha neno hili. Unakumbuka? Nilikuwa na miaka tisa, nikamwaga chai sakafuni makusudi kwa sababu haina sukari ya kutosha, nikamwita dada wa kazi: "Njoo, hapa kumemwagika." Ulikuwa umetoka zamu, hata kofia hujavua. Hukunipiga. Ulichukua tambara la deki, ukanikabidhi, ukasema kwa upole, "Chukua, pangusa." Nikapangusa kwa magoti, nawe umesimama mpaka nimalize, ukanionyesha na kona niliyoiacha. Ndipo ukasema, "Usiwe mshenzi, mwanangu." Tangu siku hiyo sijawahi kumwamuru mtu kwa kidole. Nataka kuutia mfano huo kwenye mwongozo. Je, ushenzi ni nini hasa, kwa maneno yako wewe?

Wako,
Chiriku


20 Machi

Chiriku,

Marahaba. Barua yako niliipata, usidhani ilipotea njiani. Nilikosa kiti cha kukalia nikaijibu. Mimi mzima. Soksi ziko miguuni. Mwambie mama yako fimbo haimzeeshi mtu, kinachozeesha ni kuanguka, nami nawapokea walioanguka. Kengele msiiguse. Angalau mtajua nani yuko bafuni.

Huku tuko wauguzi wawili kwenye kazi ya wanne. Mfanyakazi wa usafi aliondoka Desemba na nafasi yake "inashughulikiwa". Mwisho wa Agosti nastaafu. Wenzangu wameanza kunong'ona habari za keki, nami najifanya kiziwi.

Sasa hilo swali lako. Umesoma miaka kumi na saba, halafu unamuuliza mkunga maana ya neno. Sijui nicheke au nikasirike, kwa hiyo nitafanya yote mawili.

Kelele si ushenzi. Andika hilo kwanza, tena kwa wino mzito. Mimi nimewafokea wanawake wengi kuliko nywele zangu zilizobaki. Nimemwambia mmoja, "Sukuma, acha kulia kama umeibiwa!" na mtoto aliyekuwa amekwama akatoka. Huyo akiniandikia kwamba sina adabu, kweli sina, nitie kisanduku chako cha pili na nitaipokea barua yenu ya heshima kwa mikono miwili. Mtu anayekufokea bado anaongea na wewe.

Ushenzi mara nyingi hauna sauti. Nilipoanza kazi tulikuwa na sista mkubwa mwenye sauti kama asali. Hajamfokea mtu maisha yake yote. Alikuwa akimfunua mgonjwa mbele ya wanafunzi kumi na wawili, anaeleza anachoeleza, anaonyesha kwa kalamu, kisha "Ahsanteni sana", anaondoka. Ahsante kwa wanafunzi. Mgonjwa anabaki vilevile wazi mpaka mmoja wetu arudi na shuka. Huo sasa. Ushenzi ni kumtendea mtu kana kwamba hapo alipo hakuna mtu. Mpe Katibu wako hiyo aigonge muhuri.

Na usijitese kwa kuwa neno lilizaliwa kwa dharau. Hata watoto wanazaliwa katika uchafu. Tunawaosha, tunawapa kazi.

Ila hilo la chai na tambara liache. Si mfano mzuri. Usilitie kwenye karatasi yako. Ulikuwa mtoto, yalikwisha.

Mama Mdogo wako


2 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Ahsante, ahsante. Mama anasema nikusalimie na nikuambie kwamba wewe si daktari wa mifupa. Kaka ameirekebisha kengele. Sasa hailii kabisa, hata mtu akiibonyeza.

Mwongozo umekamilika. Nimeandika kwamba ukali wa sauti peke yake ni kisanduku cha pili, na kwamba ushenzi, "kama alivyosema muuguzi mmoja mwenye uzoefu mrefu, ni kumtendea mtu kana kwamba hapo alipo hakuna mtu", na huo uende cha nne hata kama mlalamikiwa alizungumza kama malaika. Katibu aliusoma mara tatu, akasema ni mrefu, akasaini. Sasa umebandikwa ukutani juu ya kila meza. Faili la yule mzee wa machela limefunguliwa upya. Nilitoka ofisini siku hiyo nikitembea kama mtu aliyerefuka.

Hadithi ya tambara nimeiacha kama ulivyotaka. Lakini kwa nini? Mimi naikumbuka kwa fahari. Wewe umeirudisha haraka, kama mtu aliyeguswa mahali panapouma. Kurasa mbili unanitania, halafu ghafla "liache". Sikuuliza kitu kizito, ila sasa naona kama nimeuliza.

Niandikie.
Chiriku


19 Mei

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mama mzima, goti vilevile, kengele vilevile. Naandika salamu kwa sababu ndivyo ulivyonilea, lakini leo ni salamu za meno.

Wiki saba hujanijibu. Sasa najua kwa nini.

Faili lililetwa mezani kwangu jana asubuhi. Mlalamikaji ni mshonaji nguo, miaka ishirini na sita, mimba ya kwanza. Tarehe ishirini na tatu Januari alikuwa amekaa kwenye benchi la korido ya wodi ya wazazi, chupa ikampasukia, maji yakatapakaa sakafuni. Akamwita muuguzi. Muuguzi, "mtu mzima, mnene kidogo, kavaa soksi za mistari ya bluu na nyeupe", akaenda akarudi na tambara la deki. Akamkabidhi.

"Chukua, pangusa."

Akapangusa. Kwa magoti, Mama Mdogo, na tumbo la miezi tisa. Uchungu ukija anajishikilia mguu wa benchi, ukipita anaendelea. Wanawake wanne wamekaa wanamtazama. Muuguzi akasubiri mpaka amalize, kisha akamwonyesha kona aliyoiacha.

Nakunukulia anachosema yeye mwenyewe: "Hakunitukana. Angenitukana ningeshasahau. Alisema kwa upole, kama mtu anayempa mtoto kazi. Alinifanyia ushenzi."

Jina la hospitali lipo. Zamu ipo. Soksi nilizichagua mimi mwenyewe, nikasimama dukani robo saa nikifikiria ni mistari ipi itakuchekesha.

Nilikuandikia tarehe kumi na moja Februari. Yaani ilikuwa haijatimia hata wiki ya tatu. Ulisoma "Chukua, pangusa" kwa mwandiko wangu, ukajua ni nini, ukakaa mwezi mzima, halafu ukanitungia sentensi nzuri juu ya sista mwingine! Nami nikaibandika ukutani! Kila karani akiinua kichwa anakuona wewe ukifundisha.

Nimemwambia Katibu kwamba wewe ni mdogo wake mama yangu. Akasema, "Umefanya vizuri kusema", akaandika kwenye daftari lake, faili likahamishiwa meza ya jirani. Basi. Mita moja na nusu. Nikigeuza shingo naliona.

Sema kitu. Na tafadhali usiniandikie habari za goti.

Chiriku


6 Juni

Chiriku,

Marahaba. Goti la mama yako linaendeleaje? Nauliza kwa sababu ni goti la dada yangu, na sitaacha kuliuliza kwa amri yako.

Barua ya ofisi yenu nimeipata pia. Nzuri sana, ina muhuri. Sasa wewe nisikilize, kwa kuwa jopo lenu litanipa dakika kumi.

Siku hiyo tulikuwa na wazazi kumi na mmoja kwenye vitanda sita. Mwenzangu alikuwa chumba cha upasuaji. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri na chai yangu ilikuwa dirishani imeota ngozi. Wiki moja kabla, mwanamke aliteleza kwenye korido hiyohiyo akapasuka paji la uso. Kwa hiyo sakafu ilikuwa lazima ikauke. Nani aikaushe? Wa usafi "anashughulikiwa". Mimi nikipiga deki, nani anampokea mtoto anayetoka chumba cha pili? Hilo limo kwenye fomu? Mtoto wa huyo mshonaji alitoka mikononi mwangu mzima, kilo tatu na robo, analia kama ana kesi. Na yeye nilimshona vizuri kuliko anavyoshona nguo za watu. Hilo limo?

Tena wewe usinifokee. Nilikupa tambara hilohilo, kwa mkono huuhuu, kwa maneno hayohayo. Ukawa mtu. Ukajisifu nalo barua nzima, ulitaka hata kulitundika ukutani. Likiwa kwako ni malezi, likiwa kwa mwingine ni ushenzi? Amueni moja, wasomi.

Nimezalisha watoto nisioweza kuwahesabu. Wengine sasa wanaleta wake zao. Haijabaki hata miezi mitatu niondoke, halafu nikumbukwe kwa sakafu!

Nimechoka. Nyie viti vyenu vina magurudumu.

Mama Mdogo wako


15 Juni

Mama Mdogo,

Shikamoo. Goti ni afadhali kidogo. Mama amekubali fimbo baada ya kumwambia ni wewe uliyesema, ila anaiita "kitu cha kufukuzia paka". Hatuna paka.

Unauliza tofauti iko wapi. Nimeizungusha kichwani siku tatu, nikitafuta maneno ya kisomi, na sikuyapata. Mimi nilimwaga chai makusudi. Yeye hakumwaga kitu. Ndiyo tofauti yote. Naona aibu kukuandikia jambo hilo wewe, mkunga.

Wazazi kumi na mmoja nakubali. Chai iliyoota ngozi nakubali, na nimemwandikia Katibu kuhusu mtu wa usafi, kurasa mbili, kwa hasira ambayo ilikuwa yako nikaiazima. Lakini hukuwa na haraka, Mama Mdogo. Ulisimama ukasubiri amalize. Ulipata muda wa kuonyesha kona.

Sasa kuna jambo lazima ulijue, ingawa litakufikia rasmi kwa barua nyingine. Mwisho wa fomu kuna swali: "Unataka nini kifanyike?" Wengi huandika afukuzwe, au aombe radhi, au mabati yarekebishwe. Huyu mshonaji ameandika mstari mmoja: "Aulizwe siku ile nilikuwa nimevaa nini."

Katibu amefurahi kupita kiasi, amepata kipimo. Anasema mwongozo uko wazi: ushenzi ni kumtendea mtu kana kwamba hakuna mtu. Kwa hiyo ukikumbuka alichovaa, ina maana ulimwona, alikuwa mtu mbele yako, na jambo hili linashuka kisanduku cha pili: barua ya heshima, keki yako, Agosti, kwaheri. Usipokumbuka, cha nne, na jopo linakaa. Nilimwambia huo ni upuuzi, mtu hapimwi hivyo. Akanisomea mwongozo wangu mwenyewe kwa sauti, akifuata mstari kwa kidole.

Jibu limo kwenye faili. Mlalamikaji ameeleza nguo yake, na mimi nimeisoma kabla faili halijahama meza. Sitakuambia. Naomba usiniulize, na usimtume Mama aniulize. Siwezi kukueleza ilivyo kazi kujua kitu kimoja ambacho kingekuokoa na kukaa nacho kimya. Nimeisoma barua hii mara mbili, kabla ya kufunga bahasha, kuhakikisha kwamba tangu salamu mpaka mwisho hakuna neno lolote la rangi ndani yake.

Chiriku wako, bado


30 Juni

Chiriku,

Marahaba. Mimi mzima. Mwambie dada yangu paka huwa wanakuja nyumba yenye fimbo.

Barua ya ofisi ilifika kabla ya yako, na niliijibu siku hiyohiyo, ili usije ukafikiri ulinisaidia au ulinizuia. Sikukuuliza, na nisingekuuliza. Hiki ndicho nilichowaandikia.

Alivaa gauni la kijani kibichi, kitambaa kizito, mikono ya robo tatu. Lilishonwa kwa ajili ya siku ile, kwa sababu lilifunguka mbele kwa vifungo ili aweze kunyonyesha. Alikuwa amewaza mbali. Lilikuwa na mifuko miwili. Upindo wa mfuko wa kushoto ulikuwa haujamalizika, na sindano bado imechomekwa pale na uzi wake, kama vile uchungu ulimkuta akishona. Nilipomfikia, jambo la kwanza kabisa nililofanya ni kuichomoa ile sindano isije ikamchoma akiinama. Nikaichomeka kwenye kola yangu. Halafu nikaenda kuchukua tambara.

Basi nilimwona. Katika wote kumi na mmoja, yeye ndiye niliyemwona vizuri zaidi. Katibu wako anaweza kupiga makofi.

Sasa hili la pili sikulificha kwako tu, nililificha hata kwangu mwenyewe. Aliponiita hakusema "nimepasukiwa". Alisema, "Sista, hapa kumemwagika", akaonyesha sakafu kwa kidole. Gauni zuri, kidole chini. Nikasikia sauti yako ya miaka tisa. Sikuona mwenye uchungu, Chiriku, niliona msichana anayetaka kufunzwa, na nikajiona mimi ndiye mfunzaji, kwa kuwa kwako nilifaulu. Wakati tambara liko mkononi mwake nilikuwa bado najipongeza.

Ningependa kuandika kwamba nilitambua baadaye. Siyo. Nilitambua palepale, alipopiga goti mara ya pili na kushika mguu wa benchi. Ilikuwa ni kusema tu, "Acha, inuka, mwanangu." Maneno matatu. Lakini nilikuwa nimeshatoa amri, na wanawake wanne walikuwa wananitazama, na Sista hageuzi neno lake mbele ya benchi. Kwa hiyo nikasubiri. Na ili kusubiri kwangu kuwe na maana, nikamwonyesha kona.

Kwa hiyo ile sentensi niliyokupa ni mbovu. Niliitunga nikimtazama yule sista mwenye sauti ya asali, nikajiacha mimi nje ya mlango. Uko ushenzi wa kutomwona mtu. Uko na mwingine wa kumwona barabara, kuona hata sindano yake, kumwondolea sindano kwa huruma, kisha kumpa tambara kwa mkono uleule. Huo wa pili ndio mbaya zaidi, kwa maana mwenye kuufanya hawezi kusema hakujua. Uongeze kwenye ukuta wenu. Kama ukurasa umejaa, punguza ya kamusi.

Chini ya jibu langu rasmi nimeandika "kisanduku cha nne" na kuweka sahihi, ili Katibu asihangaike na kipimo chake. Jopo linaketi tarehe kumi na tisa. Nitakuja siku moja kabla, nitalala kwenu, na hiyo kengele nitaitazama mwenyewe. Wenzangu nimewaambia keki isubiri. Wamekasirika, walikuwa wameshachagua rangi.

Ukinipokea mlangoni usinikumbatie kwanza. Nikae kidogo, halafu tutaona.

Sindano nimekuwa nayo muda wote, kwenye kopo la pini, hapa mezani. Kwenda kwake mwenyewe hairuhusiwi, wameniandikia hivyo, na wana haki. Kwa hiyo nimeichomeka kwenye karatasi hii chini ya sahihi yangu. Mpe anayeshika faili, amrudishie. Uzi bado upo, wa kijani, unatosha kumalizia mfuko.

Mama Mdogo wako